Mashine, Mkasi na Uzi: Maisha ya Blaise Pascal

Kila muhula unapoanza, mafrateri tunarudia ubishi uleule. Wapo wanaoandika kila kitu kwenye daftari, wakiamini kwamba kisichopita mkononi hakikai kichwani. Wapo wanaochapa moja kwa moja kwenye kompyuta, au wanaopiga picha ubao kwa simu na kusema watasoma baadaye. Na wapo wenye vyote viwili, ila hoja moja iko daftarini, nyingine kwenye simu, ya tatu nyuma ya bahasha, na siku ya kuandika insha hawajui waanzie wapi. Katika ubishi huo nimeona vema nimlete mtu aliyefariki mwaka 1662. Alibuni mashine ya kuhesabia akiwa kijana kuliko wengi wetu, na mawazo yake makubwa kabisa aliyaacha kwenye vipande vya karatasi vilivyotungwa kwenye uzi kama shanga. Mtu huyo ni Blaise Pascal.

Jina lake wengi tumelikuta mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye fizikia, ambako kipimo cha kanieneo kinaitwa paskali. Mara ya pili ni kwenye falsafa ya dini, mwalimu anapofika kwenye lile dau la Pascal juu ya kuwapo kwa Mungu. Mambo hayo mawili hayatuonyeshi bado mtu mwenyewe akiwa mezani na kazi zake.

Alizaliwa Clermont, katika jimbo la Auvergne nchini Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Mama yake, Antoinette, alifariki mtoto akiwa na miaka 3. Baba yake, Étienne, hakimu wa mahakama ya kodi na mpenzi wa hisabati, hakuoa tena. Mwaka 1631 aliwachukua watoto wake watatu, yaani Gilberte, Blaise na Jacqueline, akahamia nao Paris. Blaise hakupelekwa shule yoyote. Baba alimfundisha mwenyewe nyumbani, na kwa makusudi akamfichia vitabu vya hisabati ili ashike kwanza Kilatini na Kigiriki. Gilberte, ambaye baadaye aliandika maisha ya mdogo wake, anasimulia kwamba siku moja baba alimkuta kijana huyo wa miaka 12 akichora maumbo kwa mkaa sakafuni, akitafuta peke yake jumla ya pembe za pembetatu. Dada akimsimulia mdogo wake anayempenda huenda akaongeza chumvi kidogo. Hata hivyo, mwaka 1640, akiwa na miaka 16, Blaise alichapisha utafiti wake wa kwanza wa jiometri, na ulienea kwenye karatasi moja tu.

Mwaka huohuo familia ilikuwa Rouen, huko Normandy. Serikali ya Kardinali Richelieu ilikuwa imemtuma Étienne kusimamia kodi katika eneo ambalo wananchi walikuwa wametoka kuasi kwa sababu ya kodi hizohizo. Ilikuwa kazi ngumu, na sehemu yake ya kuchosha zaidi ni mahesabu. Fedha ya Ufaransa ya wakati ule haikwenda kwa makumi: denier 12 zilifanya sol moja, na sol 20 zilifanya livre moja. Wazee wetu waliowahi kuhesabu paundi moja kuwa shilingi 20 wanaelewa adha hiyo. Étienne alikesha akijumlisha safu ndefu za namba kwa kalamu na kete za kuhesabia, na mwanawe akikaa kumsaidia.

Ndipo mwaka 1642, Blaise akiwa na miaka 19 hivi, alipoanza kubuni mashine. Ilikuwa sanduku la shaba la kuweka mezani, lenye magurudumu juu yake. Unaingiza kijiti kwenye gurudumu na kulizungusha, kama zile simu za zamani za kuzungusha namba, na jibu linaonekana kwenye vidirisha vidogo. Tatizo lilikuwa kuhamisha. Sisi tukifika kumi tunaandika sifuri na kupeleka moja mbele bila hata kufikiri, lakini chuma kitajuaje? Pascal alitengeneza kitenzo chenye uzito ambacho huinuliwa kidogo kidogo gurudumu linapopanda kuelekea 9. Likivuka kwenda 0 kitenzo huanguka na kulisukuma gurudumu la jirani hatua moja.

Ukiisoma hivi inaonekana rahisi, lakini ilimchukua miaka mitatu. Kwa maelezo yake mwenyewe alitengeneza mifano zaidi ya 50 kabla ya kuridhika, akijaribu mbao, pembe za ndovu na shaba. Fundi saa mmoja wa Rouen alisikia habari zake, akatengeneza mashine yake ya kuiga. Kwa nje ilipendeza, kwa ndani haikufaa kitu, na Pascal alikata tamaa kiasi cha kutaka kuacha kazi yote. Watu wakubwa walimtia moyo aendelee. Mwaka 1649 mfalme alimpa haki ya pekee ya kuitengeneza, na mwaka 1652 alimpelekea moja Malkia Christina wa Sweden. Lakini bei ilikuwa kubwa na wanunuzi wakawa wachache. Chache zilizobaki ziko kwenye makumbusho, baadhi Paris na nyingine Clermont-Ferrand alikozaliwa.

Miaka mingi baadaye, katika maandishi yake ya imani, Pascal aliirudia mashine hii kwa maneno machache sana. Anasema kazi yake inaukaribia ufikirivu kuliko lolote linalofanywa na wanyama, lakini hakuna inachofanya kinachoweza kutufanya tuseme kwamba ina utashi, kama wanyama walivyo nao. Huyu si mtazamaji anayeiogopa mashine kwa mbali. Ni mtu aliyeyashika meno yake kwa vidole na kuhesabu mara ngapi kitenzo kilikwama. Leo tuna programu zinazoweza kukuandikia homilia nzima kabla chai haijapoa, na bado sijaona aliyeuweka mpaka huo wazi kuliko yeye: mashine inatoa matokeo, lakini haitaki kitu.

Mwaka 1646 baba aliteleza kwenye barafu na kuumia vibaya. Ndugu wawili waliomtibu walikaa nyumbani kwao muda mrefu, na kupitia kwao familia nzima iliamka kiroho. Mwaka 1648, kwa maelekezo ya Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na bomba la zebaki. Zebaki ilisimama chini zaidi kileleni kuliko bondeni, ikaonekana kwamba hewa ina uzito. Baba alifariki mwaka 1651, na muda mfupi baadaye Jacqueline aliingia utawani Port-Royal. Mwaka 1654 Pascal aliandikiana barua na mwanahisabati Pierre de Fermat juu ya michezo ya kamari, na katika barua hizo hesabu ya uwezekano ilianza kupata msingi wake.

Kisha usiku wa Jumatatu tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu usiku, kilimpata kitu ambacho hakumsimulia mtu. Alikiandika papo hapo kwa mistari mifupi ya haraka, humo akimtaja Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo na kumtofautisha na Mungu wa wanafalsafa. Akainakili kwa mwandiko mzuri kwenye ngozi, akakunja nakala hiyo pamoja na karatasi ya kwanza, na kuzishona ndani ya bitana ya koti lake. Kila alipobadilisha koti alifumua na kushona tena. Aliendelea hivyo kwa karibu miaka 8, na hakuna aliyejua hadi mtumishi wake alipohisi kitu kigumu ndani ya nguo siku chache baada ya mazishi.

Naitaja karatasi hiyo hapa kwa sababu hakuichanganya na nyingine. Mtu aliyejua kupanga mambo alijua pia lipi si la kupangwa.

Juu ya miaka iliyofuata nitasema kwa kifupi, maana ni habari ndefu yenye mabishano. Pascal alikuwa karibu na watawa na wasomi wa Port-Royal, walioshikamana na fundisho kali la neema la Wajanseni. Papa Inosenti X alikuwa amelaani hoja tano za mkondo huo mwaka 1653. Kati ya 1656 na 1657 Pascal aliandika barua 18 za kuwatetea rafiki zake na kuwashambulia Wajesuiti kwa kejeli kali, na barua hizo ziliwekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Hatuna haja ya kulificha hilo. Tarehe 19 Juni 2023, alipotimiza miaka 400 tangu kuzaliwa, aliyemwandikia barua ya kitume ya kumsifu alikuwa Papa Fransisko, ambaye mwenyewe alikuwa Mjesuiti.

Katika kipindi hichohicho, mwezi Machi 1656, binti wa Gilberte aitwaye Marguerite, mtoto wa miaka 10 hivi aliyekuwa na jipu sugu jichoni, alipona ghafla baada ya kuguswa na masalia ya Mwiba Mtakatifu huko Port-Royal. Mamlaka ya jimbo ilichunguza na kuutambua muujiza huo. Pascal alikuwa mjomba na baba yake wa ubatizo. Alianza kuandika juu ya miujiza, na kutoka hapo likazaliwa wazo la kitabu kikubwa cha kuutetea Ukristo mbele ya wale wasioamini, hasa wale waliostarehe bila kujiuliza swali lolote.

Hapa ndipo tunapokuta mkasi na uzi. Pascal alichukua karatasi kubwa, juu yake akaweka alama ndogo ya msalaba, akaandika wazo lilivyomjia. Likiisha, alipiga mstari na kuandika linalofuata, hata kama lilikuwa la jambo lingine kabisa. Karatasi moja ingeweza kuwa na neno juu ya kiburi, likafuatwa na neno juu ya manabii, kisha neno juu ya mtu anayekimbiza sungura ili asibaki chumbani na nafsi yake. Hakungoja mpangilio ndipo aandike.

Kazi ya kupanga ilikuja baadaye, mwaka 1658 hivi. Alichukua mkasi akakata karatasi zile kwenye mistari, kila wazo likawa kipande chake. Alivigawa vipande kwa mafungu, akatoboa kila kipande tundu, akapitisha uzi na kufunga. Haukuwa ugunduzi wake. Ofisi za wakati ule zilitunza hati kwa kuzitunga kwenye uzi, na mtoto wa ofisa wa kodi bila shaka aliona mabunda hayo tangu utotoni. Yeye alichukua desturi ya risiti na madai akaitumia kwa hoja juu ya Mungu na mwanadamu. Mabunda 27 yalipata vichwa, vikiwamo Mpangilio, Ubatili, Unyonge, Ukuu na lile mashuhuri juu ya burudani zinazotusahaulisha hali yetu. Karatasi nyingine nyingi zilibaki bila kuingizwa humo.

Faida ya kipande ni kwamba kinahama. Neno lililoandikwa katikati ya daftari limefungwa na jirani zake wa siku ile, lakini kipande unaweza kukitoa kwenye Ubatili ukakipeleka kwenye Ukuu, na hoja yote ikabadilika. Kompyuta inafanya hivyo kwa haraka zaidi. Hata hivyo naona kuna jambo ambalo uzi ulimlazimisha nalo, na sisi tunalikwepa. Kipande kimoja hakiwezi kutungwa kwenye nyuzi mbili. Ilimbidi aamue wazo hili ni la wapi. Kwenye simu naweza kulibandika wazo moja lebo kumi, nikafurahi kwamba nimepanga, na kumbe sijaamua chochote.

Ndiyo maana mimi mwenyewe, katika kuandaa tasnifu yangu, nimegawa kazi. Tarehe, kurasa za vitabu, majina na nakala ya akiba nawekea kompyuta, maana hayo ni kuhesabu na kutafuta, na mashine haichoki. Wazo ambalo bado sijui mahali pake naliandika kwa kalamu kwenye kipande, nusu ya karatasi iliyochapwa upande mmoja, na jioni navitandaza mezani. Umeme ukikatika, vipande vinabaki vilipo.

Kuanzia 1659 afya ya Pascal, ambayo haikuwahi kuwa nzuri, ilivunjika. Kumbukumbu yake ilikuwa imesifika. Mwaka 1658 aliwaeleza rafiki zake mpango mzima wa kitabu kwa saa kadhaa. Sasa alilazimika kuandika chochote kwenye kijikaratasi chochote kilichokuwa karibu, au kumwomba aliye chumbani amwandikie. Vipo vipande viwili vinavyonigusa kuliko hoja zake nyingi. Katika kimoja wazo lilimtoroka alipotaka kuliandika, naye badala yake akaandika kwamba limemtoroka; katika kingine anasema kwamba kusahau huko kunamkumbusha udhaifu wake, jambo linalomfundisha sawasawa na wazo lenyewe lililosahauliwa.

Mapema mwaka 1662 yeye na rafiki zake walianzisha magari ya farasi ya abiria Paris, yenye njia maalumu na nauli ya sol 5. Ndio daladala za kwanza za jiji lile, na sehemu yake ya mapato alitaka iende kwa maskini wa Blois. Nyumbani kwake alikuwa amepokea familia maskini. Mtoto wao alipougua ndui, Pascal alihama yeye, akaenda kwa Gilberte, ili mgonjwa asihamishwe. Alipozidiwa aliomba apelekwe kwenye hospitali ya wasiotibika afie kati ya maskini, lakini hali haikuruhusu. Alipokea Ekaristi Takatifu kutoka kwa paroko wa Saint-Étienne-du-Mont, na alifariki tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39. Amezikwa katika kanisa hilo.

Kitabu hakikuwapo. Yalikuwapo mabunda. Familia, kwa bahati njema sana, ilifanya jambo moja kabla ya lolote: ilimpa mwandishi anakili vipande vyote kwa utaratibu uleule vilivyokutwa, hata pale maana ilipokuwa imekatika. Kisha wahariri wakaanza kutengeneza. Toleo la kwanza, la 1670, liliacha mambo mengi, likalainisha mengine na kuyapanga upya. Baadaye mpwa wake Louis Périer, akitaka kuvilinda vipande visipotee, alivibandika kwenye albamu kubwa, na mwaka 1711 albamu ikawekwa katika abasia ya Saint-Germain-des-Prés. Nia yake ilikuwa njema. Lakini alivipanga vilivyoenea kwenye ukurasa, akivipunguza kingo pale palipobidi, na mpangilio wa nyuzi ukatoweka humo.

Kwa zaidi ya karne mbili kila mhariri alimpanga Pascal kwa akili yake mwenyewe. Mwaka 1842 Victor Cousin alionyesha jinsi kitabu kilichochapwa kilivyotofautiana na karatasi zenyewe. Mwaka 1897 Léon Brunschvicg alitoa toleo lililopendwa sana, lililopangwa kwa mada alizoona yeye zinafaa, kwani aliamini mpangilio wa mwenyewe haupatikani tena. Ni katika karne ya 20 ambapo Zacharie Tourneur na kisha Louis Lafuma walitambua kwamba ile nakala ya zamani, iliyokuwa imekaa maktabani muda wote huo, ilihifadhi mabunda kama Pascal alivyoyatunga. Lafuma alichapisha toleo lake mwaka 1951, na leo tukimtaja Pascal kwa namba, mara nyingi ni namba za Lafuma. Kilichokuwa kimepotea mikononi mwa wasomi kilikuwa kimetunzwa na mwandishi aliyenakili alichokiona.

Albamu ya Louis iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Watafiti wamelinganisha alama za maji za karatasi na mistari ya mkasi, wakaviunganisha tena vipande vilivyotoka kwenye karatasi moja. Chuo kikuu cha Clermont kimeweka kila kipande pamoja na picha yake na maelezo, bure kwa yeyote mwenye simu. Mwandiko ni mgumu, wa mtu mwenye haraka na maumivu. Lakini ukikuza picha kwa vidole viwili, kwenye vipande vingi utaliona tundu dogo lilipopita sindano.